Kulabu ya Juu

Mimi ndimi Enid, mshonaji wake.
Msinitafute pichani; nimo nyuma ya pazia,
pini tatu mdomoni, sisemi.
Ndiyo maana siri zake zimenenepea kwangu.

Gauni ni moja. Magazeti yalihesabu arubaini,
magazeti hayajui kugeuza kitambaa.
Satini ya rangi ya fedha, yadi sita, soko la Halifax,
mwaka wa sitini na nne, mvua ikipiga turubai,
naye angali Beryl Sugden,
nyuzi za kiwanda cha mazulia zimemganda vidoleni,
kiuno inchi ishirini na tatu.
Meneja akasema, "Beryl ni jina la shangazi."
Akaingia ofisini Beryl, akatoka Coral Vane.
Mamake, hadi kufa, alimwita Beryl tu.

Nikitaka kukumbuka miaka sifungui kalenda,
naligeuza gauni ndani nje, nasoma mishono.
Huu hapa, uzi mweupe: santuri ya kwanza,
ile iliyofika namba tatu ikakaa wiki moja
kama mgeni asiyevua koti.
Huu wa buluu niliupiga mbiombio ndani ya treni ya Leeds:
ana mimba ya miezi minne na hakuna aliyeambiwa;
nikalegeza pande mbili, akaimba habari za busu la kwanza
kwenye televisheni isiyo na rangi.
Huu uliofumuka: Roy, mpiga ngoma, mume wa kwanza.
Sina la kuongeza.

Kisha miaka ya ukata. Vijana wakazitia puani
pini kama hizi zangu, wakapiga magitaa kwa hasira,
simu yetu ikanyamaza kama jirani aliyenuna.
Tuliimba (nasema tuliimba, mniwie radhi)
kwenye vilabu vya wachimba makaa,
kati ya bingo na pai ya nyama,
na mgomo ulipokuja, hata pai haikuwepo.
Barnsley walitulipa viazi, gunia moja.
Aliimba kama aliyelipwa dhahabu.
Tulivila hadi Pasaka.

Sasa siri yenyewe.
Skegness, themanini na tisa, ule wimbo wake mkubwa,
pale sauti inapopanda ngazi ikanyage kidato cha mwisho,
pumzi ikagoma. Niliziona mbavu zikigombana na satini.
Kesho yake sikuifunga kulabu ya juu, mgongoni.
Nikamtupia mtandio wa kijani kuficha pengo,
na pumzi ikaingia kwa mlango wa nyuma
kama mwana aliyechelewa kurudi.
Watu wakaupenda mtandio! Wanawake wa Hull, wa Preston,
wakaja wamejitanda kijani ukumbi mzima,
"shamba la kabichi," akasema mwenyewe, akicheka hadi kukohoa.
Gazeti likaandika: mtindo mpya.
Inchi mbili za mgongo wa mwanamke aliyechoka,
huo ndio mtindo.

Jana tulikuwa Scarborough, ukumbi wa ufukweni,
viti mia tatu vya kukunja.
Ana miaka themanini na mmoja.
Chai imepoa, goti limefungwa bendeji,
anatafuta miwani, nayo iko kichwani.
Nikazipandisha kulabu, moja, moja, kama kila usiku,
nikafika ya juu, nikaiacha,
nayo ikaangukia kitanzi chake
bila kidole changu.
Satini ilikuwa imemzidi kiasi hicho.

Kiooni akaniona nimeona.
"Enid," akasema, "usibane. Acha lipwaye.
Na mtandio niletee. Watu wameulipia."

Akatoka. Wimbo mkubwa ulipofika ngazini
hakupanda. Alisimama chini ya kidato cha mwisho,
akakitazama kama mtu apitaye nje ya nyumba aliyowahi kupanga,
kisha akalisema neno lile, akalisema tu,
kwa lafudhi ya Halifax, sauti ya Beryl.
Mimi huku nyuma nilishazitoa pini mdomoni,
napapasa kikopo nikitafuta uzi,
na sikujua wa rangi gani.